Bamba linasema asilimia 90, piezomita inasema 76: tuondoe kifusi cha ziada tuanze paili?

Zege_na_Tope:

Wakuu salaam. Naomba macho ya watu wa udongo. Ni jengo la abiria la uwanja wa ndege juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Kina cha bahari kilikuwa mita 7. Chini yake kuna tope la mfinyanzi laini la mita 14, ambalo halijawahi kubeba kitu zaidi ya uzito wake, kisha mchanga na mfinyanzi mgumu wenye SPT (idadi ya mapigo ya nyundo ya kupima ugumu wa udongo) zaidi ya 50. Mchanga umemwagwa mpaka mita 2 juu ya usawa wa maji, na juu yake mita 3 za kifusi cha ziada cha kukandamizia. Tepe za kutolea maji zimeshindiliwa kwa mpangilio wa pembetatu, nafasi mita 1.2, hadi mwisho wa tope. Ardhi ikititia tunaongeza mchanga ili usawa wa juu ubaki palepale.

Miezi 9 imepita tangu kifusi cha ziada kikamilike. Bamba la kupimia limeshuka mita 2.3, na kwa njia ya Asaoka (kukadiria mtitio wa mwisho kwa kuchora vipimo vya vipindi sawa) mtitio wa mwisho unatoka mita 2.57, yaani tuko asilimia 90. Lakini piezomita (kipima presha ya maji ndani ya udongo) ya katikati ya tope bado inaonyesha presha ya ziada kPa 44. Mzigo wote ulioongezwa ni kama kPa 185, kwa hiyo hapo ni asilimia 76 tu. Mkandarasi anataka kushusha kifusi na kuleta mitambo ya paili (nguzo ndefu za zege zinazoingia ardhini). Mshauri anasema subiri. Nani ana haki?

La pili: nguzo za jengo zina kN 9,000, paili mbili za kuchimba kila nguzo, kipenyo mita 1.0. Msuguano hasi, yaani udongo unaotitia kuivuta paili chini, niuhesabu vipi? La tatu: sakafu ya chini ilale juu ya mchanga au ibebwe na paili?

---

Presha_ya_Maji:

Mkuu, hao wawili hawapingani kama unavyodhani. Kuna mambo mawili yamechanganywa hapo.

Kwanza, piezomita yenu imeshuka pamoja na tope. Kama ncha iko katikati ya tabaka, na bamba la juu limeshuka mita 2.3, ncha yenyewe itakuwa imeshuka karibu mita 1. Mita moja ya maji ni kPa 10. Usiporekebisha, unaihesabu kama presha ya ziada wakati ni kina tu kilichoongezeka. Toa 10 kwenye 44, ibaki 34, na 34 kwa 185 inakupa asilimia 82. Kurekebisha vizuri kunataka sumaku za kupimia mtitio kwenye kina kile kile cha piezomita. Kama hazikuwekwa, kadiria kwa kugawa tope katika tabaka ndogo. Toa pia kupwa na kujaa: maji ndani ya mchanga uliofukiwa hufuata bahari, na kipimo cha saa sita mchana hakilinganishwi na cha jioni bila kisima cha kupimia maji karibu.

Pili, asilimia 90 ya mtitio si asilimia 90 ya presha iliyotoka. Mtitio wa tope hufuata logi ya mkazo unaobebwa na chembe za udongo. Fanya hesabu rahisi ya tabaka moja: mkazo wa mwanzo katikati ni kPa 42, wa mwisho ukiwa na kifusi cha ziada ni 227. Ukichukua mgawo wa kukandamizika 0.25, mtitio kamili ni 14 × 0.25 × log(227/42), karibu mita 2.57. Asilimia 82 ya mkazo ni 42 + 151 = 193, na mtitio wake ni 14 × 0.25 × log(193/42), mita 2.32. Hiyo ndiyo asilimia 90 yenu. Vipimo viwili vinasema kitu kimoja.

Sasa swali lenyewe: kifusi kikiondoka, mzigo wa kudumu utaacha mkazo wa 42 + 106 + 23, yaani 171. Ile 23 ni mchanga mliokuwa mnajaza kufidia mtitio, watu wengi huusahau. Tope lina 193 tayari, kwa hiyo limezidi mzigo wake wa baadaye kwa asilimia 13 hivi. Chini ya jengo, kama sakafu inabebwa na paili, hiyo inatosha. Chini ya maegesho ya ndege hapana. Lami au zege pamoja na tabaka zake, sentimita 90 juu ya usawa wa sasa, ni karibu kPa 20. 171 + 20 = 191. Akiba yote imekwisha, na hapo tope litaendelea kutitia polepole kwa miaka kana kwamba halikuwahi kukandamizwa zaidi.

Kabla ya kusaini chochote fanya yafuatayo. Angalia kama piezomita iko kweli katikati ya tepe, maana ikiwa imeegemea tepe moja itasoma chini kuliko hali ya katikati. Piga vane (mapezi yanayozungushwa ndani ya tope kupima nguvu yake) na koni yenye kupima presha kwenye sehemu tatu nne ndani ya eneo la jengo. Nguvu ya tope linalokandamizwa mara ya kwanza ni takriban 0.22 ya mkazo wa chembe, kwa hiyo katikati tegemea karibu kPa 40. Ukikuta 25, sahau mahesabu yangu yote na ya Asaoka pia.

Na hiyo Asaoka: mmechukua vipimo vya kila siku ngapi? Mstari hunyooka pale mzigo unapokuwa thabiti. Mkichanganya siku za kujaza mchanga, au mkichukua vipindi vya siku 3 au 4, nukta zinabanana karibu na mstari wa nyuzi 45 na jibu linatoka popote unapopenda. Chukua siku 14 au zaidi.

---

Zege_na_Tope:

Asante mkuu. Vipimo vilikuwa vya siku 7, na kujaza mchanga kulisimama mwezi wa 5. Nitachora upya kuanzia hapo. Tulikadiria miezi 6 kufika asilimia 90, kwa nini tumechelewa?

---

Presha_ya_Maji:

Nafasi ya 1.2 inakupa kipenyo cha ushawishi mita 1.26. Ukichukua ch (kasi ya tope kutoa maji kwa upande) ya m² 2 kwa mwaka na uharibifu mdogo wa udongo kuzunguka tepe (upenyezaji nusu, ndani ya kipenyo mara mbili ya tepe), unapata karibu miezi 8 na nusu. Ukikadiria uharibifu mkubwa zaidi, robo ya upenyezaji ndani ya mara tatu, inakuwa miezi 16. Tofauti yote hiyo inatokana na bomba la kushindilia tepe na bamba la nanga chini yake. Bila shaka wasanifu wenu walichukua udongo usioguswa kabisa. Kwa eneo lijalo, mita 1.0 ingewapa miezi 5 na nusu kwa masharti yale yale ya kwanza.

---

Kitako_Safi:

Nije kwenye paili. Baada ya mtitio, mchanga una unene wa mita 11.3 na tope 11.7. Hata kama tope limekandamizwa kupita mzigo wake, halijatulia. Mtitio wa taratibu usiotokana na presha ya maji, kwa tope la aina hii, unaweza kuwa mm 80 hadi 120 katika miaka 50. Kwa msuguano hasi hata mm 10 zinatosha kuuamsha wote, kwa hiyo usidanganywe na maneno "ardhi imeshatibiwa".

Kwa njia ya beta (msuguano kama sehemu ya mkazo wa chembe): mchanga 0.35, tope 0.22. Mchanga unakupa karibu kN 880 kwa paili ya mita 1.0, tope karibu kN 1,330. Jumla kN 2,200 za kuvuta paili chini, nusu ya mzigo wa jengo juu ya kila paili. Ukisanifu kwa 4,500 tu umejidanganya.

Paili iingie mita 12 ndani ya tabaka gumu. Kwa kPa 100 za msuguano unapata kN 3,770, na kitako kama kN 3,100 kikiwa safi. Narudia, kikiwa safi. Njia salama zaidi ni kesingi (bomba la chuma linalozunguka paili) ya kudumu yenye lami mm 2 hadi 3 kupita mchanga na tope. Lami inakatwa na mchanga ukiishusha moja kwa moja, hivyo weka kesingi ya muda yenye kipenyo kikubwa zaidi kwanza, na pete kidogo chini ya kesingi ya kudumu ili ipanue njia.

---

Mizania:

Hapo kwenye "umejidanganya" nina neno. Ukichukua 3,770 + 3,100, ukatoa 2,200, halafu ukagawa kwa 2, utachimba paili za mita 50 bila sababu. Msuguano hasi hauangushi paili. Ili paili ishindwe lazima ishuke kuliko udongo, na ikishuka kuliko udongo msuguano wote unageuka kuisaidia. Huo ndio msimamo wa Fellenius, mtaalamu wa paili, na kwa maoni yangu ndio sahihi. Kwa hiyo kagua mambo matatu, kila moja peke yake.

Uwezo wa jumla: 2,200 + 6,870 ni zaidi ya 9,000, gawa kwa 4,500, unapata 2 na kidogo. Inapita.

Nguvu ya zege: mzigo wa kudumu tu, tuseme 3,600, jumlisha 2,200 = kN 5,800. Abiria na mizigo yao usiwajumlishe hapa, maana mzigo unaokuja na kuondoka unaifinya paili chini kidogo na kufuta sehemu ya msuguano hasi kwa muda huo. 5,800 kwenye m² 0.785 ni kama MPa 7.4. Zege la C40 linabeba.

La tatu ndilo la kuangalia kwa makini, mtitio wa paili. Kwenye kina cha mizania, pale udongo na paili vinaposhuka sawa, paili inashuka kama udongo wa hapo. Kitako kikifanya kazi, 3,770 + 3,100 inazidi 5,800 na mizania inakaa chini ya tope, ambako hakuna kinachotitia. Sasa weka sentimita 15 za mchanga uliotuama chini ya nondo. Kitako hakisaidii mpaka paili ishuke sana. Fanya mizania ya nguvu tena bila zile 3,100: inapanda mpaka robo ya juu ya tope, na paili hiyo itatitia na tope linaloendelea kushuka chini ya hapo. Jirani yake yenye kitako safi haitoki mahali. Nguzo zikiwa umbali wa mita 12, tofauti ya mm 24 tayari ni 1/500, na vioo vya mbele havipendi hata hiyo.

---

Kitako_Safi:

Mkuu @Mizania, sipingi hesabu, ila viwango vingi vinavyotumika vinataka msuguano hasi uingizwe kama mzigo, na anayekagua michoro atauliza. Mweleze mapema unatumia njia gani. Tunakubaliana kitako ndicho kila kitu, basi niseme kinachokiharibu kwenye ardhi ya namna hii.

Chumvi. Bentonaiti (mfinyanzi wa majimaji yanayoshikilia shimo) iliyochanganywa kwa maji ya bahari haishiki, na hata ikichanganywa kwa maji yasiyo na chumvi, maji ya chumvi yakiingia shimoni inaganda vipande vipande na kuangusha mchanga chini. Shusha kesingi mpaka mita 1 hadi 2 ndani ya tabaka gumu, weka majimaji ya shimoni mita 2 juu ya maji kujaa, siyo juu ya wastani wa bahari. Wengi wanahamia polima. Mchanga ndani ya majimaji usizidi asilimia 4 kabla ya zege, na pima kutoka chini ya shimo, siyo juu.

Tepe za maji nazo zinajisokota kwenye kekee. Zikate na ukague ndoo kila inapotoka, kipande cha tepe kikibaki kwenye nondo kinaacha njia ya maji kwenye zege.

Kina kipimwe mara tatu kwa uzani ule ule: kuchimba kumalizika, nondo kuingia, na dakika chache kabla ya zege. Tofauti ikizidi sentimita 5, vuta mchanga upya kwa kupandisha hewa. Bomba la zege libaki mita 2 hadi 3 ndani ya zege muda wote. Kesingi ya muda ukiichelewesha mpaka zege likakaza, ukaivuta, zege linanyanyuka nayo na tope linabana shingo ya paili. Mabomba manne ya kupimia mawimbi ya sauti kwa kila paili, yote yakifika kitakoni, na kwenye paili kadhaa uchoronge kupitia bomba moja mpaka sentimita 50 chini ya kitako. Saruji iwe na slagi (unga wa mabaki ya kuyeyusha chuma) asilimia 60 hadi 70, maji kwa saruji yasizidi 0.40, kifuniko cha nondo mm 75.

Na jaribio la mzigo: leo mchanga na tope vinaisaidia paili, kesho vinaivuta. Ukipakia mara mbili ya mzigo na kufurahia mm 8 za kushuka, sehemu kubwa ya uliyopima ni msaada ambao hautakuwepo. Weka vipima mkazo kwenye nondo kila mpaka wa tabaka, au tenga mita 23 za juu kwa kesingi mbili zisizogusana.

---

Mtetemo:

Hakuna aliyegusa mchanga wenyewe. Mchanga uliomwagwa majini ni legelege, na tetemeko likija unageuka uji. Kobe tarehe 17 Januari 1995, kisiwa cha Port Island kilitapika mchanga na kutitia, lakini sehemu zilizokuwa zimeshindiliwa kwa mtetemo wa kina zilifanya vizuri zaidi. Shindilia kabla ya paili, baada ya kifusi cha ziada kuondoka: nafasi mita 2.5 hadi 3.5, pembetatu, simama mita 1 juu ya tope. Vumbi laini likizidi asilimia 12 hivi, mtetemo hausaidii. Koni ipigwe baada ya siku 7 hadi 14, maana usomaji hupanda wenyewe kwa muda, na watu wamelipa duru ya pili bure kwa kupima siku iliyofuata. Mchanga wenye makombe mengi husoma chini hata ukiwa umekaza, urekebishe kwa vipimo vya maabara.

Jambo jingine: mnahamisha kifusi cha ziada kwenda eneo la pili? Msikiweke kando ya paili zilizokamilika. Tope linasukumwa pembeni na kuzipinda paili bila mtu kuona chochote juu ya ardhi. Acha umbali usiopungua kina cha chini ya tope, mita 23 kwenu, na uweke inklinomita (kipimo cha udongo kusogea pembeni) katikati. Kwa sababu hiyo hiyo paili za mshazari zisitumike, udongo unaotitia unazikandamiza mgongoni.

---

Kina_cha_Bomba:

Sakafu ibebwe na paili. Sina mjadala hapo. Ikilala juu ya mchanga, mm 100 za kushuka kati ya sakafu na nguzo zitaonekana kwanza kwenye mikanda ya mizigo, ambayo haivumilii kuinama.

Ila sakafu ikibebwa, chini yake patakuwa na uwazi. Kila bomba la maji taka lililozikwa mchangani chini ya sakafu litashuka na mchanga na kukatika pale linapoungana na bomba la wima. Mabomba yote yaning'inizwe kwenye sakafu kwa vyuma visivyoshika kutu, nafasi mita 1.5 hadi 2, au yapite kwenye mtaro wa zege ulio sehemu ya sakafu. Mahali yanapotoka nje ya jengo, weka kipande kifupi chenye viungo viwili vinavyocheza, kila upande kimoja. Kiungo kimoja hakitoshi, kinageuka tu na kuvunja kifuatacho. Mteremko wa bomba la nje uanze mkubwa kuliko unaohitajika, ukitoka kwenye jengo, maana nje inashuka.

Mlangoni na kwenye njia za magari ya mizigo, tumia slabu ya mpito ya mita 6 hadi 10, upande mmoja juu ya bawaba ya jengo na mwingine ukilala ardhini. Nguzo za madaraja ya abiria ziwe kwenye paili pia, na mteremko wa daraja ukaguliwe kwa maegesho yaliyoshuka, siyo kwa michoro ya siku ya ufunguzi: kikomo cha 1:12 kinafikiwa upesi.

---

Zege_na_Tope:

Nimeelewa. Swali la mwisho: mashimo ya uchorongaji yaliishia mita 40 kutoka chini ya bahari, ndani ya tabaka gumu. Inatosha?

---

Presha_ya_Maji:

Kwa paili ndiyo. Kwa kisiwa haitoshi. Mzigo wa msingi wa jengo hupungua kadiri unavyoshuka, lakini mchanga uliofukiwa kwa upana wa kilomita unabonyeza mita 80 chini karibu sawa na unavyobonyeza juu. Chini ya mchanga wenu mgumu kukiwa na mfinyanzi mwingine uliowahi kubeba mzigo kidogo tu kuliko wa sasa, utatitia, na paili zenu zitashuka nao zote pamoja.

Kansai, iliyofunguliwa mwaka 1994, ndiyo mfano. Tabaka la juu la mfinyanzi laini, karibu mita 20, lilitibiwa kwa nguzo za mchanga na likamaliza kazi mapema. Matabaka ya kina hayakuwa na njia fupi ya kutolea maji na yanaendelea kushuka; kisiwa cha kwanza kimetitia zaidi ya mita 12 tangu kazi ianze. Jengo lile linaishi kwa sababu nguzo zake, karibu 900, zinainuliwa kwa jeki na kuwekewa mabamba ya chuma chini pale tofauti inapozidi.

Chorongeni mashimo mawili mpaka mwamba, au mpaka mita 100, mpate sampuli zisizovurugwa za kila mfinyanzi mnaokutana nao na kupima mzigo mkubwa uliowahi kubeba. Mzigo huo ukizidi wa kisiwa kwa nafasi nzuri, endeleeni. Usipozidi, acheni mm 150 hivi kati ya kofia ya paili na nguzo ya chuma, skrubu ndefu, na mahali pa kusimamisha jeki mbili kila nguzo. Sasa hivi ni michoro tu; baada ya kuta kupanda haiwezekani tena.